Pua ya Mshonaji

Mshonaji alikuwa na pua. Kila mtu ana pua, ndiyo, lakini yake ilikuwa kama mpangaji mkorofi: haikubali jambo lipite bila malalamiko. Mteja akimletea suruali ya kupunguza, huipokea kwa ncha ya mkasi, akaininginiza dirishani kwanza ipigwe upepo. Akipewa chai ugenini, hukizungusha kikombe akanywea pale karibu na kishikio chake, kwa hoja kwamba midomo ya watu wengi haifiki huko.

Jumatano ile jioni, siku tatu kabla ya safari, alisimama kwenye mlango wa baraza yake ya nyuma akajizuia asitapike.

Baiskeli nne zilikuwa zimeegemezwa ukutani, zikichuruzika matope. Wenzake watatu walikuwa wamejitupa sakafuni. Walikuwa wametoka kwenye mazoezi ya mwisho, kilomita sitini, nusu yake chini ya mvua. Mzee Posta, aliyepeleka barua za watu kwa baiskeli miaka thelathini na mmoja mpaka akastaafu, alikuwa amepiga goti mbele ya gurudumu. Alitema mate kwenye kidole, akakipaka mdomoni mwa valvu, akatazama kama yatatoa povu.

"Haivuji," alisema, akajifuta kidole kwenye ndevu.

Mshonaji alifumba macho. Alipoyafumbua akamwona Kinyozi anavua soksi. Kinyozi alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye kibanda kilichopakana na duka la Mshonaji. Soksi ya kwanza ilitoka kwa shida, kama ngozi ya ndizi bichi. Aliikamua. Maji ya kahawia yakatiririka hadi kwenye ufa wa sakafu, sakafu ambayo Mshonaji aliipiga deki asubuhi kwa mikono yake mwenyewe.

"Inspekta anatukagua," Kinyozi akasema. "Jamani, kaeni sawa."

"Hiyo soksi ipeleke nje, mdogo wangu. Ipeleke nje kabla haijatembea yenyewe."

Lakini aliyemkirihi zaidi ni Mpishi, na Mpishi ndiye aliyekuwa rafiki yake wa karibu kuliko wote. Alikuwa mpishi wa shule, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kutikisa madirisha, jirani yake wa ukuta mmoja. Alikuwa ametoka kupaka mnyororo mafuta ya cherehani, na sasa, kwa vidole vile vile, alikuwa anamenya mayai ya kuchemsha. Alilipuliza yai moja kuondoa vipande vya ganda, pfuu, akamnyooshea.

"Kula, shoga. Huna nyama mwilini, utapeperuka na upepo wa malori."

Yai lilikuwa jeupe, na katikati yake pana alama nyeusi ya dole gumba, mistari yote ikionekana kama kwenye karatasi ya polisi.

"Nimeshiba," Mshonaji akasema.

Hayo yote angeyavumilia. Alishayavumilia mwaka mzima. Lakini chini ya matope na mafuta na soksi palikuwa na harufu nyingine, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikimnyima raha. Ilinuka kama tambara la deki lililosahauliwa kwenye ndoo. Ilinuka maziwa yaliyochacha na nywele zilizolowa. Halafu kwa mbali ilikuwa na utamu fulani, na utamu huo ndio uliokuwa mbaya kuliko vyote, kwa sababu ulimkaa kooni mpaka wakati wa kulala. Ilianza wiki tatu zilizopita, siku waliponyeshewa mara ya kwanza. Tangu hapo, kila wakipanda baiskeli, inakuwepo.

Na Mshonaji alikuwa ameshapata jibu la inatoka wapi. Barabarani walikwenda kwa mstari aliouweka Mzee Posta: yeye mbele, kisha Mpishi, kisha Mshonaji, Kinyozi nyuma kama mkia. Kwa hiyo kwa saa nne, tano, mbele ya pua yake hapakuwa na kitu ila mgongo wa Mpishi, makalio ya Mpishi, na upepo uliopita kwa Mpishi kabla ya kumfikia yeye.

Sasa ni lazima ijulikane safari hii ilikuwa nini kwake. Miaka mitatu nyuma mumewe alifariki, na Mshonaji akajifungia. Alishona, akala, akalala, akamhudumia mama mkwe wake aliyebaki naye, basi. Ni hawa watatu waliomtoa. Mpishi alimpitishia sufuria ya supu juu ya ukuta kila siku kwa miezi miwili, bila kugonga mlango, bila kuuliza "unaendeleaje". Mzee Posta alileta baiskeli kuukuu akasema inahitaji mtu wa kuitembeza isipate kutu. Kinyozi alimshika kiti kwa nyuma akamkimbiza uwanjani, mwanamke wa miaka arobaini na saba, huku watoto wakishangilia. Siku alipokwenda mita mia bila kushikwa alicheka mpaka akaanguka.

Kisha Mzee Posta akaleta wazo. Miaka yote ile alikuwa akipeleka barua zenye muhuri wa mji mmoja ulio mwisho wa barabara kuu, kando ya ziwa. Hajawahi kuuona. Kilomita mia nne na kumi, siku tano. Mpishi alikubali kabla sentensi haijaisha. "Siku tano nile chakula nisichopika mimi!" alisema. "Hata kikiwa kibaya. Hata kikiwa kimeungua. Nitalia kwa furaha."

Mshonaji naye akatoa mchango wake. Alishona foronya nne za viti vya baiskeli, zilizojaa sponji, ili wasitoboke makalio. Kila moja aliitarizi alama ya mwenyewe: kijiko kwa Mpishi, bahasha kwa Mzee Posta, mkasi na kitana kwa Kinyozi, na sindano kwa yake. Ya kwake aliivika pia mfuko wa nailoni juu yake, akaufunga kwa mpira, maana hakutaka vumbi la barabara limguse. Ilikuwa kazi ya kwanza aliyoifanya kwa hiari yake tangu msiba. Walipozipokea, Mzee Posta aliishika ya kwake kwa mikono miwili.

*

Alhamisi walikutana ukumbini kwake kupanga mizigo. Mzee Posta alikuwa na kanuni yake, aliyoipata kazini: kitu kinachoweza kubebwa kimoja kwa wote, kibebwe kimoja. Aliwahi kukata mpini wa mswaki wake nusu ili apunguze uzito. Aliviweka vitu mezani kimoja kimoja. Sufuria moja. Kisu kimoja. Kipande kimoja cha sabuni.

"Cha kufulia au cha kuogea?" Mshonaji akauliza.

"Sabuni ni sabuni, mwanangu."

"Sote wanne? Kipande kimoja? Kipite kwa Kinyozi kisha kije kwangu?"

"Dada, mimi nitakuwa wa mwisho," Kinyozi akasema. "Nitaoga na povu lililobaki."

Mzee Posta akatoa kikombe cha bati, kimoja, chenye ukingo uliochubuka na duara la chai ya zamani ndani yake, jeusi, kama pete ya kisima. Akakiweka katikati ya meza. Mshonaji alikiona kile kikombe kikizunguka, mdomo wa huyu, mdomo wa yule, mate juu ya mate kwa siku tano. Na wakati huo huo Mpishi akainama karibu yake kuokota kamba, akiwa katoka kushuka kwenye baiskeli, na ile harufu ikaja yote, nzito, ikamwingia mpaka nyuma ya macho.

"Mimi siwezi!" Mshonaji akasema.

"Basi utabeba chako," Mzee Posta akasema. "Kikombe kisitukosanishe."

"Si kikombe! Siwezi kukaa siku tano nyuma ya mtu anayenuka. Nimenyamaza wiki tatu. Kila tukipanda ni mimi ninayemnusa. Shoga, samahani, lakini unanuka. Hunuki jasho, maana jasho sote tunalo. Unanuka kitu kilichooza. Ama ufanye jambo, ama mwende bila mimi."

Kinyozi akaanza kuhesabu vipande vya viraka ambavyo alishavihesabu. Mzee Posta akafungua mdomo, na Mpishi akamtazama, akatikisa kichwa kidogo sana. Mzee Posta akaufunga.

Mshonaji aliliona lile la kichwa. Alidhani ni aibu.

"Ni kweli, shoga," Mpishi akasema polepole. Alikuwa anaitazama mikono yake. "Jikoni kule kunaniingia mpaka mifupani. Mafuta ya jana, ya juzi. Mtu hajisikii mwenyewe." Akakiweka kisu sawasawa kando ya sufuria. "Na goti langu lenyewe, hamjui tu, linanisumbua. Nendeni. Mtaniletea habari."

"Goti gani?" Kinyozi akasema. "Jana umetuacha mlimani kama..."

"Goti langu unalijua wewe?"

Akasimama. Mlangoni akageuka. "Baiskeli nimeiacha hapo nyuma. Mkihitaji tyubu yake, chukueni." Akaenda, na safari hii hakutikisa dirisha lolote.

Mzee Posta alichukua gurudumu la baiskeli ya Mshonaji, lililokuwa limepinda, akasema atalinyoosha kesho kibandani kwa Kinyozi. Hakumwita mwanangu alipoaga.

Kutoka chumbani, mama mkwe wake, ambaye macho yalikuwa yamemwacha lakini masikio yalibaki kazini, akauliza, "Umemfukuza nani?"

"Sijamfukuza mtu, mama."

"Haya. Mimi nilisikia mlango unafungwa na mtu ambaye hajazoea kuufunga taratibu."

*

Ijumaa asubuhi Mshonaji aligundua kwamba zipu mbili za mikoba ya safari hazitoshi. Duka la vifaa vya ushonaji lilikuwa mbali, na baiskeli yake haina gurudumu. Akaizunguka ya Mpishi mara mbili. Hatimaye akaipangusa mishikio kwa kitambaa chenye sabuni, akapanda.

Hatua ishirini za kwanza hakusikia kitu. Kisha uzito wake ukatulia kwenye ile foronya ya kijiko, na baridi ikamgusa. Ilikuwa baridi ya majimaji, ikipanda taratibu kupitia sketi, kupitia nguo ya ndani, mpaka ngozini. Mvua ya Jumatano, akajiambia. Akaongeza mwendo.

Dukani palikuwa na foleni ya watu saba. Alipofika wa tatu, mama aliyekuwa mbele yake alimvuta mtoto wake upande wa pili. Mzee mmoja akatoa leso. Wa nyuma yake akarudi hatua moja, halafu mbili, kama mtu aliyekumbuka kitu. Mshonaji akainua pua, na mara moja akaitambua. Ile ile, maziwa na nywele na ule utamu. Akageuka kumtafuta Mpishi katika foleni. Mpishi hakuwepo.

Akarudi hatua moja, ikarudi naye. Akasogea kulia, ikasogea naye.

Mwenye duka alikuwa msichana mpole mwenye tepu shingoni. Aliacha mizani ya vifungo, akatoka nyuma ya meza na kipande cha kitambaa cha mita moja na nusu. "Mama," akasema kwa sauti ya chini, "jua kali leo. Jifunge kiunoni. Utanirudishia siku yoyote." Wala hakukunja uso. Akampa zipu zake bila foleni, na watu wa foleni hawakunung'unika hata kidogo, walifurahi.

Mshonaji alirudi nyumbani kwa miguu, akiisukuma baiskeli kwa mkono ulionyooka. Njia nzima alihisi sketi ikimgandia mapajani, na kila ilipoganduka akasikia mwili ukimsisimka hadi kisogoni.

Mama mkwe wake alikuwa amekaa mlangoni. Akainua uso kabla hajasalimiwa.

"Karibu, Mpishi," akasema. "Umefanya vizuri kurudi. Usimjali huyu, ana pua lakini hana..."

"Ni mimi, mama."

Bibi kizee akainua pua. Akavuta hewa mara mbili.

"Basi leo umemvaa," akasema.

*

Alioga kwanza. Alioga mara tatu. Kisha akaivua ile foronya kwenye kiti cha Mpishi, akaitandikia gazeti barazani, akachukua kiwembe cha kufumulia, akafumua mshono wake mwenyewe, ule mzuri, wenye hatua ndogo zinazolingana.

Sponji ilijitanua kama kitu kinachopumua. Hapo zamani ilikuwa ya manjano. Sasa ilikuwa ya kahawia, yenye madoa meusi ya ukungu yaliyokwenda ndani kama mizizi. Kulikuwa na nywele ndefu za mtu asiyemjua. Kulikuwa na bawa la mende. Pembeni, imejikandika ndani ya matundu, palikuwa na peremende nyekundu ya mtoto fulani, imeyeyuka, inanata, na kuizunguka kuna ute mweupe. Ule utamu. Aliinuka akaenda nyuma ya bafu, akatapika chai yote ya asubuhi, akarudi.

Akafumua na yake, ile ya sindano. Chini ya nailoni ilikuwa kavu kabisa. Lakini ndani ilikuwa ile ile: madoa, nywele, ganda la njugu. Uchafu ule ule ulikuwa umelala tu, unasubiri maji.

Hapo akakaa chini sakafuni, yeye ambaye hakai sakafuni, kwa sababu alikumbuka.

Sponji ile alipewa bure na fundi wa makochi. Ilitoka kwenye kochi kuukuu la ukumbi wa kungojea, watu na watoto wao wamelikalia miaka kumi na tano. Fundi hakumficha. "Chukua, dada," alimwambia, "lakini iloweke kwenye maji ya moto na dawa siku nzima, ikamue vizuri kwa mikono, ianike juani siku tatu. Usipofanya hivyo itakuaibisha." Na Mshonaji alijaribu. Aliijaza ndoo. Aliitazama ile sponji, akaifikiria mikono yake ikiingia humo na kukamua, maji ya watu wote wale yakimpita vidoleni, na akashindwa. Kinyaa kilimshika. Basi akavaa mifuko miwili ya plastiki kila mkono, akaikata vipande vinne bila kupumua, akavitia ndani ya vitambaa vyake safi, akashona haraka. Akanawa mara nne. Kilichoshonwa hakionekani, alijiambia, na kwa juhudi kubwa ya moyo akasahau.

Alikuwa hajawahi kujichukia hivyo. Wiki tatu alikuwa amewakunjia watu uso kwa uvundo alioutengeneza mwenyewe, akautarizi, akawapa kama zawadi.

*

Kibandani kwa Kinyozi, Mzee Posta alikuwa ameligeuza gurudumu juu ya kiti cha kunyolea, anakaza spoki. Mshonaji aliingia akiwa ameishika sponji ndani ya gazeti.

Kinyozi aliitazama. Mzee Posta naye. Hakuna aliyeuliza ni nini.

"Mlijua," Mshonaji akasema.

"Dada..."

"Tangu lini?"

Kinyozi akakuna kichwa. "Mvua ya kwanza. Mimi kiti changu nakimwagia poda ya wateja kila asubuhi. Nimemaliza kopo la tatu." Akajaribu kucheka. "Unajua wanavyosema, dada, nyani..."

"Nyamaza wewe," Mzee Posta akasema. Akaweka spana chini. "Mimi yangu nikifika nyumbani naivua naitundika mtini. Nikija kwako naivaa. Mke wangu alisema nichague, yeye au hiyo."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Mpishi alitukataza. Alituweka hapa, pale ulipo, akatuapisha. Alisema, yule akijua hatapanda baiskeli tena maisha yake. Atajifungia, na safari hii hatutampata. Akasema mnuse mnachonusa, mfunge midomo." Mzee Posta akalipapasa gurudumu. "Jana nilitaka kusema. Alinikataza kwa kichwa. Ni kama alisema afadhali anuke yeye."

Mshonaji aliifunga tena sponji. Alitoka na gazeti lake.

*

Jikoni pa shule palikuwa na mlango wa nyuma, na nje ya mlango huo pana mtaro ambapo mafuta ya masufuria makubwa yalikuwa yameganda kama nta ya kijivu, na nzi juu yake. Siku nyingine Mshonaji angesimama mbali akaita. Leo aliuruka mtaro. Mpishi alikuwa peke yake, mbele ya karai la kuoshea vyombo. Mikono yake ilikuwa myekundu mpaka kwenye viwiko, na kando ya karai palikuwa na nusu saba za ndimu zilizokamuliwa zikaisha. Alikuwa amejisugua. Alijua hanuki, na bado alikuwa amejisugua.

Mshonaji akalifungua gazeti, akaishika sponji kwa mkono mtupu, akaiinua.

"Ondoa takataka hiyo jikoni kwangu!" Mpishi akapiga kelele. "Hapa wanakula watoto mia nne!"

"Ni yangu," Mshonaji akasema. "Ni mimi niliyekuwa ninanuka."

"Najua ni yako! Itoe nje!"

Walitoka nje wote wawili, wakasimama juu ya ule mtaro. Mpishi akakunja mikono kifuani. Hakuwa analia wala hakuwa anacheka.

"Uliniambia nanuka," akasema. "Mbele ya watu. Mimi niliyekupitishia chakula ukutani."

"Ndiyo."

"Usiku wa jana mume wangu ananiambia lala, mimi nanusa kwapa. Nilijua kabisa si mimi, nikanusa tu. Unajua ulichonifanyia?"

"Mbona hukusema, dada yangu? Mbona hukunirushia usoni pale pale?"

Mpishi akatazama pembeni. "Siku ulipotuletea zile foronya ulikuwa umevaa gauni la kijani. Karibu miaka mitatu sikuwa nimekuona na rangi mwilini. Sasa nikuambie nini? Nikuambie shoga, gauni zuri, lakini umetukalisha juu ya mzoga?" Akashusha pumzi. "Nilidhani nitaweza. Lakini sasa nimechoka kunuka kwa niaba yako."

"Njoo twende safari."

"Goti linauma."

"Goti lako haliumi."

"Linauma likisemwa vibaya."

Mshonaji akaitazama ile sponji mkononi mwake. Maji ya kahawia yalikuwa yanamtiririka kwenye kifundo, yanaelekea kwenye kiwiko. Hakuiachia. "Nitazifua zile foronya," akasema. "Zote nne. Kwa mikono hii, bila mfuko. Wewe utakaa kwenye kiti utazame. Na utakula ninachopika mimi, hata kikiungua."

Mpishi akautazama ule mkono.

"Kitaungua," akasema. "Wewe hujui kupika hata maji."

*

Basi mchana ule Mpishi alikaa kwenye kiti cha barazani kama malkia, sahani ya mayai ya kukaanga mapajani, kingo zake nyeusi kama mkaa. Alikula yote. Mshonaji aliinama juu ya karai la maji ya moto, mikono mitupu, anasugua vitambaa. Maji ya kwanza yalitoka rangi ya chai. Ya pili yalitoka na utelezi. Mara mbili aliondoka kwenda nyuma ya bafu, na mara mbili alirudi, akajifuta mdomo, akaendelea. Sponji aliizika mwenyewe, kina cha mkono.

"Sasa mtajaza nini?" mama mkwe akauliza kutoka mlangoni.

"Sijui, mama. Labda vipande vya vitambaa."

"Vitafanya mafundo. Chukua godoro langu la mchana, lile aliloninunulia mwanangu. Kata upande wa miguuni." Mshonaji alipoanza kukataa, bibi kizee akapunga mkono. "Mimi ni mfupi. Miguu yangu haijawahi kufika huko. Ni safi, wewe mwenyewe unalinusa kila Jumamosi."

Vitambaa visingekauka kwa kesho. Mzee Posta alipokuja na gurudumu lililonyooka, alivipapasa kwenye kamba, kijiko, bahasha, mkasi, sindano, akasema baiskeli haina tiketi, wataondoka Jumapili. Akamwita mwanangu.

Jumapili, jua lilipochomoza, walikuwa barabarani mbele ya nyumba. Mkobani mwa Mshonaji kulikuwa na kikombe chake na sabuni yake, vimefungwa kwenye nailoni, na hakuna aliyethubutu kusema neno juu ya hilo. Lakini kwenye kiti chake nailoni haikuwepo. Kinyozi alikuwa amevaa soksi za jana. Mzee Posta alitema mate kidoleni, akagusa valvu nne, moja baada ya nyingine. Mpishi alikuwa akiuweka sawa mnyororo wake ulioruka. Alipomaliza akatoa yai mfukoni, akalimenya, akalipuliza, pfuu, akalinyoosha.

"Kula, shoga. Leo nitakuwa mbele yako siku nzima, usije ukasema nakuharibia upepo."

Mshonaji akalipokea. Dole gumba lilikuwepo, jeusi, mistari yote. Akaligeuza yai, akatafuta upande usio na alama, akaukosa. Uso ukamkunjamana, pua ikapanda juu. Akalila lote, akapanda.